Mlirudi Kufanya Nini?

Hilo swali nimeulizwa na makanga wa mat ya Umoja, nimeulizwa na mama mboga, nimeulizwa na mwalimu wa zamu mbele ya darasa zima. "Ati mlikuwa Qatar? Miaka kumi? Na mkarudi? Mlirudi kufanya nini?" Na naelewa. Wakati kila msee wa rika langu anatafuta viza ya kutoka, familia inayoingia na masanduku inaonekana kama imepanda gari la upande mwingine.

Sina noma na swali. Noma yangu iko kwa jibu. Familia nyingi zinazorudi hii Nairobi huwa na jibu moja la wageni na lingine la chumbani, na lile la wageni ni uongo. "Tumekuja likizo." "Tunaangalia tu mambo." "Watoto walitaka kujua kwao." Mimi nasema huo uongo ni ghali kuliko tiketi zote za ndege za kuwaleta, na wanaoulipia zaidi ni watoto. Familia ikirudi iseme ukweli mapema, kabla hata masanduku hayajafunguliwa.

Tukiongea kuhusu watu waliorudi, mtandaoni tunaona aina mbili tu. Kuna wa dola. Ametoka Marekani ama Uingereza, ako na apatimenti Kilimani, kuna dimbwi la kuogelea juu kabisa, anapiga video akisema maembe ya huku ni matamu na kuna mtu wa kumfulia nguo. Halafu kuna dada aliyekuwa akifanya kazi za nyumba Saudi, anatoka JKIA na mfuko mmoja, na kamera zinangoja alie. Wote ni watu wa kweli. Lakini katikati kuna wengi ambao hakuna mtu hupiga video. Baba alikuwa anafanya hoteli, ama ulinzi, ama stoo ya kampuni, ama mama alikuwa nesi. Wakapeleka watoto, watoto wakasoma huko, halafu siku moja mkataba ukaisha. Hakuna mtu alipigwa. Hakuna mtu aliomoka. Kazi iliisha tu, basi.

Wacha nieleze venye mambo huenda kule Ghuba, juu wengi wanachanganya na Ulaya. Ukiwa London unaweza kukaa miaka, ukaomba makaazi ya kudumu, hata uraia. Qatar kibali chako cha kuishi kinashikwa na kazi. Cha mathee kilikuwa chini ya jina la fathee, changu chini ya jina la fathee, cha ndugu yangu mdogo pia. Kazi ya fathee ikienda, vibali vinne vinaenda nayo. Hata mtoto wa Wakenya akizaliwa pale hapati uraia wa pale. Anazaliwa mgeni, anamaliza shule akiwa mgeni. Kombe la Dunia liliisha tarehe 18 Desemba 2022. Argentina wakalibeba kwa penalti, mji ukalala asubuhi, na kwetu barua ilikuwa tayari imekaa juu ya friji. Hatukuwa peke yetu. Kazi kibao zilikuwa zimeshikana na hayo mashindano, na mashindano huwa na siku ya mwisho.

Kuna pesa unapewa ukitoka. Sheria ya kazi ya Qatar inasema mfanyakazi aliyemaliza mwaka mmoja na zaidi apate angalau mshahara wa msingi wa wiki 3 kwa kila mwaka aliofanya. Miaka 10 ni wiki 30. Na sikiza vizuri hapo kwa "mshahara wa msingi": pesa ya nyumba haimo, pesa ya usafiri haimo. Kwa hivyo unashuka Nairobi na kitu kama miezi saba ya kupumua, na si pumzi ndefu. Ndani ya hiyo miezi saba unafaa upate keja, shule, vitanda na kazi.

Sisi tulishuka Januari 2023. Fathee alikuwa ameambia ukoo tunakuja likizo ndefu.

Si ati fathee ni mtu wa uongo. Ni mtu anarudisha shilingi kumi makanga akikosea chenji. Lakini kwa miaka kumi alikuwa ndiye "wa nje", na kila ukoo Kenya uko na mmoja. Simu yake ndiyo hulia mtu akilazwa, mtu akifa, mtoto akiitwa sekondari. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, hizo ni hesabu za Benki Kuu, na hatuna zao la shamba linaleta hivyo, si chai, si maua. Kwa habari inasomwa kama habari ya mvua, ati mwaka huu imenyesha vizuri. Ukiichambua ni watu kama fathee, elfu tano hapa, elfu kumi pale, usiku baada ya shifti. Wanajua sana kutuma. Kusema "imeisha" hakuna mtu aliwafundisha.

Kwa hivyo hakusema. Na nitawapa hesabu, juu bila hesabu mtadhani naongea hisia tu.

Keja ya vyumba viwili Umoja: kodi 20,000, dipositi 20,000. Vitanda, meko, mtungi wa gesi, mapazia. Sare za watoto wawili, na shule hupenda kusema sare inunuliwe duka fulani tu. Hizo zote ni za lazima, hakuna ubishi. Sasa angalia zile za heshima. Matanga ya ndugu ya babu: 15,000, juu "wa nje" hawezi kutoa 1,000 kama wengine. Harusi ya binamu: 20,000, na juu yake akafanywa mwenyekiti wa kamati. Karo ya mtoto wa shangazi: 25,000 muhula wa kwanza, na muhula wa pili simu ikapigwa tena, 25,000 nyingine. Jumla 85,000. Hiyo ni kodi yetu ya miezi minne na kitu. Na mwaka wenyewe ulikuwa 2023, si mnaukumbuka? Bei zilikuwa zinapanda kama zimefukuzwa na mbwa. Septemba petroli ilipita shilingi 200 kwa lita na nauli zikafuata.

Siwalaumu watu wa ukoo hapa. Walikuwa wanaomba mtu waliyedhani ana mshahara. Ungekuwa wewe ungeomba pia.

Kitu kingine, ukiwa wa likizo huwezi kuuliza maswali. Mtu wa likizo haulizi unga ni pesa ngapi, haulizi ni hospitali gani ya bei nafuu. Na wazazi wangu walikuwa na mengi ya kuuliza, maana mji waliouacha 2013 haukuwa unawangoja. Walikuwa wamekuja mara moja tu, wiki mbili za mazishi ya babu 2016, na hizo zote wakakaa kijijini. Sasa mathee ananiambia tukutane Nakumatt. Nakumatt gani? Nilizunguka nikiuliza watu, wakanicheka, wakaniambia hiyo ilizikwa kitambo. Anaenda soko anamwambia mwenye nyanya amtilie kwa karatasi, mwenye nyanya anamwangalia kama ameulizia bangi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017. Fathee alikuwa na noti nane za elfu, za zamani, alizikunja ndani ya Biblia siku tuliondoka, ati za kuanzia tukirudi. Hizo noti ziliacha kuwa pesa mwisho wa Septemba 2019. Alipoambiwa hakusema kitu. Alizirudisha kwa Biblia, na bado ziko.

Na maji! Ploti yetu maji hutoka Jumanne na Ijumaa usiku. Wiki tatu tulikuwa tunanunua mtungi kwa mtu wa mkokoteni, juu hakuna mtu alituambia, na hakuna mtu alituambia juu hakuna mtu aliulizwa. Siku nilichoka nikagonga mlango wa jirani na kumwambia sisi ni wageni kabisa, tusaidie, alinifundisha hii Nairobi kwa Jumamosi mbili. Maji siku gani. Tokeni za stima usingoje ziishe usiku. Mat gani ya kupanda mvua ikinyesha na gani watakushusha katikati ya njia. Hakunicheka hata kidogo. Alikuwa ametoka Kisumu miaka mitatu kabla yangu na alikuwa amepitia hayo yote.

Lakini pesa ni pesa, na maji ni maji. Kitu hunikasirisha hadi leo ni venye mambo yalimwendea ndugu yangu mdogo.

Yeye aliondoka Nairobi akiwa na miaka miwili. Hakumbuki kitu. Aliambiwa kile watu wote waliambiwa, kwamba ni likizo. Basi akaishi kama mtu wa likizo kwa miezi minane. Nguo zake hazikutoka kwa sanduku. Kila asubuhi alikuwa anavuta sanduku kutoka chini ya kitanda, anatoa shati, anafunga zipu, anarudisha. Baiskeli yake aliachia rafiki yake wa ghorofa ya tatu kule Doha amuwekee, wakakubaliana asiguse breki. Shuleni aliingizwa Gredi ya 7, na hiyo Januari 2023 ndiyo ilikuwa Gredi ya 7 ya kwanza kabisa Kenya, hata walimu wenyewe walikuwa wanapapasa. Kiswahili chake kilikuwa kile cha amri za mathee: kula, oga, zima taa. Wakamwita Mwarabu. Hakupigana, hakulia, hakujaribu. Alikuwa anakaa nyuma anangoja, kama mtu ameketi steji. Nilipomwambia nimfundishe Kiswahili kidogo kidogo alinijibu kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, kwamba haina haja, huko tukirudi hatutakihitaji.

Jioni moja nilimsikia akimuuliza mathee, "Tunarudi nyumbani lini?" Mathee alikuwa anakata sukuma. Akasema, "Si tuko nyumbani." Naye akasema, "Hapana, nyumbani."

Mimi nilikuwa na miaka 15 na nilikuwa nimeona gari ikiuzwa, kwa hivyo nilijua. Nilikuwa nimeambiwa hiyo si yangu kusema. Lakini fikirieni huyo mtoto. Wazazi wanasema wamerudi. Kwao ni kweli, walizaliwa hapa, wako na makaburi ya wazee wao hapa. Mtoto aliyetoka na miaka miwili harudi popote. Anahamia, tena kwa mji ambao hakuuliza kuuona. Na nyumbani kwake, ile yenye baiskeli, hawezi kurudi hata akilia mwaka mzima, maana kile kibali kilikuwa cha kazi ya baba yake na hiyo kazi haiko. Yeye ndiye mtu pekee kwa nyumba alikuwa amepoteza mji, na ndiye pekee alikuwa hajaambiwa.

Aliyemaliza hiyo sinema ni shosh. Alikuja kututembelea Septemba, akakaa siku tatu akiangalia tu. Siku ya nne tukiwa tunakula akamwambia fathee, "Baba, hizi sufuria mlitoka nazo huko?" Fathee akasema ndiyo, mama. "Mtu wa likizo hubeba sufuria?" Fathee akacheka kidogo. Shosh hakucheka. Akamwambia, "Mimi nilijua Januari. Nilikuwa nangoja uniambie."

Hiyo usiku fathee aliandika kwa grupu ya WhatsApp ya ukoo. Mistari minne. Kazi iliisha Desemba, hatukuja likizo. Kwa sasa siwezi kusaidia mtu na naomba msamaha kwa hilo. Mkisikia kazi yoyote ya stoo mniambie. Mungu awabariki. Grupu yenye huwa inatuma picha za maua na aya za Biblia kila asubuhi ilinyamaza kama imezimwa. Hadi kesho yake mchana hakuna mtu aliandika hata "amina".

Halafu mambo yakaanza kuja, na hayakuja kama kwa filamu. Ami mmoja alipiga simu akiwa na hasira, ati angejua hangempa uenyekiti wa kamati. Wiki iliyofuata huyo huyo akatuma gunia la viazi na akakataa kushukuriwa. Shangazi wa karo hakutusalimia karibu mwaka, na salamu zake hadi leo ni za mbali. Watu wawili walitoka kwa grupu. Kazi ilipatikana Novemba kupitia binamu ya fathee aliyesoma ule ujumbe, stoo huko Industrial Area, na mshahara ni kama theluthi ya ule wa Doha. Mathee anapika machbus ya kuku kila Ijumaa anauzia watu wa ofisi, na hiyo inalipa karo kuliko mnavyodhani.

Ndugu yangu aliambiwa usiku ule ule. Aliuliza tu kuhusu baiskeli. Siku tatu hakuongea na mtu, hata mimi. Jumapili nikamkuta anatoa nguo kwa sanduku, moja moja, anapanga kwa kabati, na hakutaka kusaidiwa. Sasa ako Gredi ya 10 na Sheng yake imenipita kabisa. Kuna siku huongea na mbogi yake na mimi nabaki nikishika neno moja kwa matano. Lakini ile miezi minane ya darasani ilienda, na hesabu zake bado zinaonyesha.

Najua mtaniambia nini. Kwamba ukisema huna, hii Nairobi itakukanyaga. Landlodi atataka kodi ya miezi mitatu mbele, marafiki watapotea, na kuna jamaa watafurahi kabisa, tusidanganyane, kuna watu walikuwa wanangoja fathee aanguke. Ni kweli. Sijasema uende TikTok ukalie. Keateka wa ploti hana haja ya kujua mkataba wako uliisha lini. Mimi naongea kuhusu watu wa aina mbili tu, wale wanaokula kutoka mfuko wako na wale wanaolala kwa paa lako. Hao wakidanganywa, wanaendelea kupanga maisha yao na mshahara ambao hauko, na wewe ndiye unabaki kuwalipia hiyo mipango.

Na wengine wataniambia ni mambo ya wazee, watoto wasiingizwe. Wameingizwa kitambo. Waliingizwa siku walipakiwa kwa ndege.

Sasa nyinyi wa "mlirudi kufanya nini". Huo uongo fathee hakuutengeneza peke yake. Huwezi kucheka kila mtu anayerudi, umwite aliyefeli, umwite mwenye laana, halafu ushangae akisema amekuja likizo. Na kwenye comments zenu naona nusu yenu mnatafuta ajenti wa kuwapeleka Doha na Dubai. Sawa, nendeni, kazi ziko, mimi mwenyewe nimemaliza kidato cha nne na nimeanza kuangalia. Lakini ule mkataba utakaosaini uko na tarehe ya mwisho imeandikwa hapo hapo. Siku moja utashuka JKIA na sufuria zako, na kuna kijana atakuuliza. Kama darasani kwako kuna mtu mpya anaongea kwa pua, mwambie maji hutoka siku gani. Hiyo inatosha, hutakuwa umefilisika.

Na kama wewe unasoma hii ukiwa Doha, ama Riyadh, ama Muscat, una miaka kumi na kitu, na wazazi wako wameanza kuuza viti wakisema mnaenda Kenya kusalimia shosh, usingoje Septemba. Waulize leo, mkiwa wote mezani na mdogo wako akisikia: hizo tiketi ni za kwenda na kurudi, ama ni za kwenda tu?